Katikati ya Nini?

Ijumaa ya Aprili 15, 2011, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipigia kura bajeti kadhaa kwa siku moja. Tatu kati ya hizo ndizo ninazotaka tuzikumbuke leo.

Ya kwanza ni ile ya Paul Ryan, mbunge wa Wisconsin aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Ilipita kwa kura 235 dhidi ya 193. Wote walioikubali walikuwa Warepublican wenzake. Upande wa Wademokrati haikuambulia hata kura moja. Ya pili iliitwa Bajeti ya Watu. Iliandikwa na wabunge wa mrengo wa kushoto wa chama cha Democratic, wakiongozwa na Raúl Grijalva wa Arizona na Keith Ellison wa Minnesota, nayo ikaangushwa kwa kura 347 dhidi ya 77. Ya tatu ilitoka kwa Warepublican wenye msimamo mkali kumzidi Ryan, waliotaka matumizi yakatwe kuliko alivyothubutu yeye.

Hiyo ya tatu ilizua kioja. Wademokrati walijua kwamba Warepublican wengi huipigia kura ya ndiyo bajeti ya namna hiyo ili wakajisifu nayo majimboni, huku wakiwa na hakika kwamba haitapita. Basi badala ya kusema hapana, Wademokrati wakaanza kujiandikisha kwamba wapo ukumbini tu, hawana upande. Ghafla bajeti ikawa inaelekea kupita kweli. Ikabidi Warepublican wahimizane kubadilisha kura zao kabla muda haujakwisha. Mwishowe ikaanguka, 136 dhidi ya 119, na wabunge 172 katika orodha ya waliohudhuria bila kuchagua.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ilionyesha kitu ambacho wachambuzi wengi wa siasa wa Marekani hawakukiona, au walikiona wakanyamaza. Kulikuwa na bajeti ya kushoto, ya kulia, na ya kulia zaidi. Hii ya mwisho ndiyo iliyomfanya Ryan aonekane mtu wa wastani. Wahenga wetu walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Wanasafu wa Washington walipopima ngozi ilipolegea na ilipokaza, hawakujiuliza ni mikono ya nani iliyokuwa ikiivuta.

Tuelewane kwanza kuhusu bajeti hizi. Msomaji wa Tanzania amezoea bajeti ambayo ni uhai wa serikali: ibara ya 90 ya Katiba yetu inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali yake. Marekani mambo ni mengine. Bajeti inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi ni azimio, haipelekwi kwa Rais kusainiwa, wala haiwi sheria. Ni ramani ya matamanio. Kila kundi linaweza kuandika yake, na makundi huandika. Ya Rais nayo ni pendekezo tu. Mei 25 mwaka huohuo Seneti iliikataa bajeti ya Barack Obama kwa kura 97 kwa sifuri, na ile ya Ryan kwa 57 dhidi ya 40, siku moja. Serikali haikuanguka.

Kwa hiyo thamani ya bajeti ya namna hii iko katika inavyozungumzwa. Anayezungumza ni mchambuzi: mwanasafu wa gazeti, mgeni wa televisheni Jumapili asubuhi, mhariri anayeamua ipi iende ukurasa wa mbele. Yeye ndiye anayempa msomaji lugha ya kuipimia, na lugha iliyotawala majira yale ya kuchipua ilikuwa na maneno mawili. La kwanza lilikuwa ujasiri. La pili lilikuwa umakini.

Ryan aliutoa mpango wake Aprili 5. Ulikusudia kupunguza matumizi ya serikali kwa dola trilioni 5.8 katika miaka 10. Bima ya afya ya wazee, Medicare, ingebadilika kwa kila atakayefikisha miaka 65 kuanzia mwaka 2022: serikali isingemlipia matibabu moja kwa moja, ingemchangia kiasi fulani akanunue bima kwa kampuni binafsi. Msaada wa matibabu kwa maskini, Medicaid, ungegeuzwa fungu maalumu la kupewa majimbo, nayo yajue yatakavyoligawa. Sheria ya afya ya Obama ingefutwa. Halafu kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kingeshushwa kutoka asilimia 35 hadi 25, kwa watu na kwa makampuni.

David Brooks, wakati huo mwanasafu wa New York Times, anayehesabiwa kuwa mhafidhina mpole, aliandika kwamba hajapata kuona mpango wa kurekebisha bajeti uliokamilika na wa kijasiri kama huo maishani mwake, na kwamba sasa kila anayetaka kuingia katika mjadala atapimwa kwa umakini wa Ryan. Jacob Weisberg wa jarida la Slate, ambaye hata si wa upande wa Ryan, naye akausifu. Miezi mitatu kabla, taasisi zinazopiga kampeni dhidi ya nakisi zilikuwa zimempa Ryan tuzo ya uwajibikaji katika fedha za umma.

Nataka tukae kidogo na neno ujasiri. Mwanasiasa tajiri wa kura anapowaambia wafadhili wake kwamba kodi yao itapanda, huo ni ujasiri. Anapowaambia wafadhili wake kwamba kodi yao itashuka, na kijana wa miaka 40 asiyejulikana kwamba uzeeni atajilipia sehemu kubwa zaidi ya bima, sijui tuuite nini, ila mkuki kwa nguruwe huo. Kituo kimoja cha utafiti cha Washington kinachofuatilia bajeti kwa jicho la watu wa kipato cha chini, Center on Budget and Policy Priorities, kilihesabu kwamba karibu theluthi mbili ya makato ya Ryan ingetoka katika huduma za watu hao. Ni kituo chenye mwelekeo wa kushoto, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Lakini hesabu ilikuwa wazi, na yeyote aliyetaka kuipinga angeweza kuonyesha kosa liko wapi.

Haikuhitajika hata kwenda kushoto. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, chombo ambacho vyama vyote viwili hukitegemea, ilitoa tathmini yake siku ileile ya Aprili 5. Ilisema mzee wa kawaida angetumia pesa nyingi zaidi mfukoni mwake kwa matibabu chini ya mpango wa Ryan. Kufikia mwaka 2030 angebeba asilimia 68 ya gharama. Chini ya utaratibu uliokuwepo angebeba kati ya asilimia 25 na 30. Gharama haikupungua, bali ilihamishwa kutoka daftari la serikali kwenda mfuko wa bibi.

Ofisi hiyo iliandika jambo jingine, na hili ndilo ningelitia wino mwekundu kama ningekuwa mhariri. Kwa upande wa mapato haikukokotoa athari za sheria ya kodi aliyoitaka Ryan. Ilichukua tarakimu ilizopewa na wasaidizi wake, kwamba mapato yatapanda hadi asilimia 19 ya Pato la Taifa, kisha ikaendelea na hesabu kutoka hapo. Kodi ya matajiri inashuka, mapato yanapanda. Katikati kuna mianya ya kodi itakayozibwa, na Ryan hakutaja mwanya hata mmoja. Ni mwanafunzi aliyejaza mwenyewe safu ya alama, akampa mwalimu ajumlishe. Mwalimu akajumlisha, akaandika pembeni kwamba alama hizi amepewa. Wengi waliousifu mpango walisoma jumla, hawakusoma pembeni.

Weisberg alirudi akasoma. Siku chache baadaye aliandika makala nyingine akieleza kwamba hesabu za mpango alioupongeza zimejaa kiinimacho. Namtaja kwa heshima, kwa sababu kuna wenzake wengi ambao hadi leo hawajarudi. Paul Krugman, mshindi wa Nobeli ya uchumi na wakati ule mwanasafu wa gazeti lilelile la Brooks, hakuwa na haja ya kurudi. Tangu Agosti 2010 alikuwa ameshaandika kwamba Ryan anawauzia watu mbuzi kwenye gunia. Krugman ana upande, haufichi, na ana ulimi wa pilipili. Walimjibu zaidi kuhusu pilipili kuliko kuhusu gunia.

Sasa tuitazame Bajeti ya Watu. Waandishi wake walidai ingefuta nakisi na kuacha ziada ndogo ifikapo 2021. Ya Ryan, kwa hesabu ya Ofisi ya Bajeti, isingefikia ziada hadi karibu mwaka 2040. Wao walifika huko kwa kupandisha kodi ya mamilionea hadi viwango vya asilimia 45 mpaka 49, kumaliza vita vya Iraq na Afghanistan, na kuanzisha bima ya afya ya umma itakayoshindana na makampuni binafsi. Sisemi hesabu zao zilikuwa safi kama theluji ya Kibo. Walikuwa na matumaini makubwa kuhusu pesa za matajiri, ambao wana wanasheria, na kisiasa hawakuwa na pa kushika: kura 77 si jambo la kujivunia katika baraza la watu 435.

Lakini kama kipimo ni nakisi, na wanasafu wengi wa mwaka ule waliapa kwamba nakisi ndiyo moto unaoiunguza nyumba, basi waliokuja na maji mengi zaidi walistahili angalau kuulizwa wameyachota wapi. Hawakuulizwa. Bajeti yao ilipata mistari michache hapa na pale, mingine ya dhihaka. Sababu niliyoisikia mara nyingi ni kwamba haikuwa na nafasi ya kupita. Mbona ya Ryan nayo haikuwa na nafasi? Seneti ilikuwa ya Wademokrati, na Ikulu alikuwemo Obama. Zote mbili zilikuwa karatasi za matamanio. Moja iliitwa dira, nyingine ikaitwa ndoto.

Mtaalamu wa mawasiliano Daniel Hallin, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu vyombo vya habari na vita vya Vietnam, aliyagawa mambo yanayotangazwa katika miduara mitatu. Katika mduara wa ndani kuna yale ambayo kila mtu mstaarabu anadhaniwa kukubaliana nayo, na mwandishi hahitaji kuwa na pande mbili. Unaofuata ni wa mabishano halali: hapo mwandishi hupanga kauli mbili uso kwa uso. Nje kabisa wako watu wasiohesabiwa, na mwandishi hawajibiki kuwasikiliza. Mwaka 2011 hoja kwamba lazima mafao ya wazee yapunguzwe ilikuwa imeingia mduara wa ndani. Ryan alikaa wa pili. Grijalva na Ellison walikuwa nje, wakati kura ya maoni ya Washington Post na ABC ya Aprili ileile ilionyesha zaidi ya Wamarekani saba katika kila 10 wakitaka kodi ya wenye kipato kikubwa ipande, na wengi kama hao wakipinga kuikata Medicare.

Nirudie kwa lugha ya barazani. Wananchi wengi walikuwa upande mmoja na wale waliowekwa nje ya mduara. Waliobaki ndani ndio walioitwa watu wa kati.

Hapa ndipo neno lenyewe linapoanza kunichosha. Sisi tunaosoma habari hizi kwa Kiswahili tunalipata likiwa limeshachujwa: mfasiri wa habari za mashirika hukutana na sentensi iliyojaa sifa kwa kamati ya wastani, mpango makini, mwafaka wa vyama viwili, naye ana nusu saa kabla ya taarifa kusomwa. Anaandika hivyohivyo. Kiswahili chetu kina wastani wa hesabu, unaopatikana kwa kujumlisha na kugawanya, na kina wastani wa tabia, wa mtu asiyepitiliza. Mfasiri akiandika mpango wa wastani, msikilizaji wa Tanga au Bukavu anasikia tabia njema. Kumbe alichoambiwa ni hesabu tu: mahali palipo nusu ya njia baina ya watu wawili wanaogombana.

Nenda Kariakoo ununue viatu. Muuzaji anakutajia 80,000, wewe unasema 20,000, mpita njia mwenye huruma anasema mkutane kati, 50,000. Kesho muuzaji huyohuyo, kwa kiatu kilekile, anaanza na 120,000. Wewe bado 20,000. Mpita njia anarudi na huruma yake: 70,000. Anaondoka akijiona ametenda haki mara mbili. Mzaramo aliyezaliwa na soko angemuuliza swali moja tu, kiatu chenyewe bei yake gani? Mpita njia hana habari na kiatu. Yeye kazi yake ni kusuluhisha.

Suluhisho lililopendwa kupita yote mjini Washington lilikuwa la Alan Simpson na Erskine Bowles. Wa kwanza alikuwa seneta mstaafu wa Republican kutoka Wyoming, wa pili aliwahi kuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu wakati wa Bill Clinton. Obama aliwapa tume mwaka 2010, wajumbe 18, wachore njia ya kupunguza nakisi. Walitoka na mpango wa takriban dola trilioni nne: makato, umri wa kustaafu kusogezwa polepole hadi miaka 69, viwango vya kodi kushushwa huku misamaha mingi ikifutwa ili mapato yaongezeke. Ungeweza kuupenda au kuuchukia, ila mpango ulikuwepo. Ili upelekwe Bungeni ulihitaji kura 14 za wajumbe. Desemba 3, 2010, ulipata 11.

Miongoni mwa waliosema hapana alikuwemo Paul Ryan.

Nimesoma safu nyingi za miaka ile, na sijaacha kushangaa jinsi ukweli huo ulivyoteleza. Obama alilaumiwa na mwanasafu Thomas Friedman na wenzake kwa kutoukumbatia mpango wa Simpson na Bowles. Ryan, aliyeupigia kura ya kuuangusha, aliendelea kuitwa mtu makini wa nakisi, na mara nyingine majina yote mawili, lake na la tume, yalisifiwa katika aya moja. Agosti 2012 alipopanda jukwaani Tampa kuupokea uteuzi wa mgombea mwenza wa Mitt Romney, Ryan mwenyewe alimshutumu Obama kwamba aliipokea ripoti ya tume, akashukuru, akawaaga, kisha hakufanya lolote. Kura yake hakuitaja.

Na hao waliosemekana kuitamani katikati? Machi 28, 2012 wabunge wawili, Jim Cooper wa Democratic na Steven LaTourette wa Republican, walipeleka barazani bajeti iliyojengwa juu ya mpango wa Simpson na Bowles. Ikapata kura 38. Zilizoipinga zilikuwa 382. Rudi juu uitazame Bajeti ya Watu na kura zake 77. Ile iliyodharauliwa kama ndoto ya watu wa pembezoni iliungwa mkono na wabunge mara mbili ya wale walioiunga mkono katikati iliyotukuka. Sikumbuki mwanasafu yeyote aliyeifanya hesabu hiyo hadharani. Ni kugawanya tu.

Siku mbili kabla ya kura za Aprili 2011, Obama alikwenda Chuo Kikuu cha George Washington kujibu. Ryan alialikwa, akakaa mstari wa mbele. Rais akasema mpango wa Ryan utabadilisha makubaliano ya kijamii ya Marekani, akatoa wake wa kupunguza nakisi kwa dola trilioni nne katika miaka 12. Jioni ile kwenye televisheni mjadala mkubwa ulihusu adabu. Je, ni ungwana kumwalika mgeni kisha kumsema mbele ya watu? Swali zuri kwa harusi. Kama alichosemwa Ryan kilikuwa kweli au uongo, hilo lilipewa muda uliobaki.

Adabu ndiyo kimbilio la mchambuzi asiyetaka kufungua majedwali, na simlaumu kwa kila kitu. Ana hofu ya haki. Akisema upande mmoja umedanganya, simu zitalia, barua zitamiminika, na mgeni wa wiki ijayo atakataa mwaliko. Akisema pande zote mbili zimekosea, hakuna atakayempigia. Krugman aliwahi kutania kwamba chama kimoja kikidai dunia ni bapa, kichwa cha habari kitasema maoni yatofautiana kuhusu umbo la dunia. Refa wa namna hii tunamjua: akitoa kadi ya njano upande huu, dakika tano baadaye anaitafuta ya upande ule, hata kama beki amesimama anafunga kamba za viatu.

Desemba 2011 PolitiFact, mtandao unaopima kauli za wanasiasa, ulitangaza uongo wa mwaka. Ulikuwa ni kauli ya Wademokrati kwamba Warepublican wamepiga kura kuimaliza Medicare. Hoja ya wapimaji ilikuwa kwamba mpango wa Ryan usingeimaliza, ungeibadilisha, tena kwa watakaofikisha miaka 65 kuanzia 2022 tu. Na kweli Wademokrati walitia chumvi, hadi kukawa na tangazo la video lenye mtu mfano wa Ryan akimsukuma bibi kizee kwenye genge pamoja na kiti chake cha magurudumu. Hilo lilikuwa la ovyo. Lakini ukiuza ng'ombe ukanunua mbuzi, kisha mbuzi ukamwita jina la yule ng'ombe, utamwambia jirani kwamba ng'ombe bado yupo, amebadilishwa tu? Wachambuzi wengi walihoji uamuzi ule, wakiwemo wasioupenda mrengo wa kushoto. PolitiFact mwaka 2009 na 2010 ilikuwa imezipa kauli za upande wa Republican taji hilohilo. Siwezi kuapa kwamba zamu ilihusika. Wala siwezi kuacha kuifikiria.

Kabla ya hapo, Julai 2011, lilikuwa limekuja sokomoko la kikomo cha deni. Warepublican walikataa kuruhusu serikali ikope kulipia matumizi ambayo Bunge lenyewe lilikwisha kuyaidhinisha, mpaka makato yakubaliwe. Obama alimwendea Spika John Boehner na mapatano makubwa. Kwa ripoti za wakati ule alikuwa tayari hata kupandisha umri wa kuingia Medicare kutoka 65 hadi 67, jambo lililowachefua watu wake. Boehner alijitoa Julai 22, kwa sababu ya kodi. Yaani Rais alikuwa ametembea hadi pale wanasafu walipokuwa wamempungia mkono kwa miezi, akafika, akakuta kiti kitupu.

Friedman siku hizohizo aliandika safu akiishangilia asasi mpya iitwayo Americans Elect, iliyotaka kumpata mgombea wa urais kwa kura za intaneti, asiye wa chama hiki wala kile. Mambo aliyotaka mgombea huyo ayasimamie, kupunguza nakisi kwa makato na kodi pamoja, kuwekeza katika elimu na miundombinu, yalikuwa karibu sawa na yale Obama aliyokuwa akiyapendekeza wiki hiyo. Asasi ilitumia takriban dola milioni 35. Mei 2012 ikafunga mchakato bila mgombea, kwa kuwa hakuna aliyefikisha wafuasi waliohitajika. Nyingine ya aina yake, No Labels, iliyozinduliwa New York Desemba 2010, Aprili 2024 iliachana na ndoto yake ya kusimamisha mgombea. Hayo tuyapite.

Agosti 5, 2011, shirika la Standard & Poor's liliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la ukopaji, AAA, hadi AA+. Vichwa vya habari vikasema Washington imeshindwa, siasa zimeshindwa, pande zote zimeshindwa. Ripoti ya shirika lenyewe, ambalo hakuna aliyelituhumu kuwa la kijamaa, ilitamka kwamba Warepublican wengi Bungeni wanaendelea kukataa hatua yoyote ya kuongeza mapato. Shirika lilitaja jina. Mwandishi akasema ni wote.

Mwaka 2012 Thomas Mann na Norman Ornstein walichapa kitabu wakisema hadharani kwamba tatizo halijagawanyika sawa, na kwamba waandishi wanaoligawa sawa wanawapotosha wasomaji. Mann alikuwa wa taasisi ya Brookings, inayohesabiwa ya wastani. Ornstein alikuwa wa American Enterprise Institute, ngome ya wahafidhina. Kama katikati ingekuwa mahali pa kweli, hao wawili wakiandika pamoja ndio wangekuwa wamesimama hapo. Walichopata ni kuambiwa wamechukua upande.

Sijasema mtu wa kati hayupo. Yuko mtu anayesoma bajeti ya kulia na ya kushoto, akakuta jema katika kila moja, akatoka na lake. Huyo ana kazi ngumu na namheshimu. Alama yake ni kwamba anaweza kukutajia tarakimu iliyomfikisha hapo. Yule anayekuambia kwanza amesimama wapi, kisha akatafuta tarakimu, huyo ni mwanachama kama wengine, tofauti ni kwamba chama chake hakina kadi.

Kinachobaki ni kuona mtu makini wa nakisi aliishia wapi. Ryan alishindwa umakamu wa rais mwaka 2012, akarudi Bungeni, na Oktoba 2015 akawa Spika. Mwaka wa fedha uliokuwa umemalizika mwezi mmoja kabla ulikuwa na nakisi ya takriban dola bilioni 440. Desemba 2017, chini ya rungu lake, Bunge lilipitisha sheria ya kodi iliyoshusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, na wakadiriaji wa Bunge walisema ingegharimu karibu dola trilioni 1.5 katika miaka 10. Mianya iliyozibwa haikutosha kufidia. Nakisi ya 2018 ikafika bilioni 779. Ryan aliaga Bunge mwanzoni mwa Januari 2019, na mwaka wa fedha aliouacha katikati ulifungwa Septemba kwa nakisi ya dola bilioni 984.